Uliza Spea Kwanza: Miaka Sitini ya Gari Kuukuu

Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi makanika mzaliwa wa Kericho, alishinda mbio za East African Safari akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 ambalo kiwanda kilikwisha kulitumia katika mashindano kabla ya Joginder kulichukua mkononi. Walimaliza wakiwa wamemwacha mshindi wa pili kwa zaidi ya saa nzima. Watu wengi huusimulia ushindi ule kwa kusifu udereva. Mimi niliyesomesha watoto kwa kuuza vipuri nausifu kwanza kwa ununuzi. Joginder alikulia gerejini kwa baba yake. Alijua gari lile lina nini ndani, nini kimechoka na nini bado kizima, na aliweza kulifungua na kulifunga kwa mikono yake.

Kazi ya vipuri nimeifanya tangu ujana. Nilianza kama karani wa stoo katika karakana ya shirika moja la umma jijini Dar es Salaam, baadaye nikafungua duka dogo Gerezani. Kazi ya stoo ina faida yake: kila gari linaloumwa hupita kwako kwa jina la kipuri. Unajua lipi linaomba bushi kila mara, lipi linaomba plagi tu, na lipi limesimama juu ya mawe kwa sababu kipuri chake hakipo Kariakoo wala Nairobi. Nimeyaona magari mengi yakifa, na mengi yalikufa kwa kukosa spea kabla uzee haujayafikia. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama anunue gari la zamani, siangalii kwanza mwaka wa kutengenezwa. Naangalia historia, ya gari lenyewe na ya soko lililolileta.

Wakati wa uhuru, mwaka 1961, gari la mkononi kwa kawaida lilikuwa gari la Mzungu anayeondoka. Afisa wa serikali ya kikoloni alipofungasha mizigo, Morris Minor yake, au Ford Anglia, au Volkswagen, ilibaki kwa karani, mwalimu au mwenye duka. Mnunuzi alimfahamu muuzaji. Alikuwa akiliona gari lile likipita kila asubuhi, na pengine alimjua hata kijana aliyeliosha. Historia ya gari ilikuwa wazi mtaani, na hakuna aliyehitaji dalali wa kumweleza.

Safari ndiyo iliyofundisha watu majina ya kuamini. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, na Peugeot ikashinda tena 1968. Mwaka 1970 na 1971 zamu ikawa ya Datsun. Mbio zile zilipita kwenye vumbi na tope lile lile ambalo mnunuzi angelipitia akienda kazini au shambani, kwa hiyo ushindi ulikuwa ushahidi wa macho. Gari lililoshinda lilinunuliwa kwa wingi. Lililonunuliwa kwa wingi lililetewa vipuri, na lenye vipuri likadumu. Mnyororo huo ndio unaotawala soko la magari yaliyotumika mpaka leo, hata kama Safari yenyewe haiwaongozi tena wanunuzi.

Miaka ya 1970 mnyororo ulikatika. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na fedha za kigeni zikawa haba. Uagizaji wa magari ukawekwa chini ya State Motor Corporation, na gari la mtu binafsi likawa mwisho wa foleni, nyuma ya malori, matrekta na Land Rover za serikali. Kuna kipindi magari binafsi yalizuiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na njia yetu ya vipuri kutoka Nairobi ikazibwa. Mwaka uliofuata vita vya Kagera vikaanza, na kidogo kilichokuwepo kikaelekezwa huko.

Stoo niliiingia katika miaka hiyo. Rafu zilikuwa na lebo nyingi kuliko vipuri. Land Rover mbili zilizosimama zilitoa moja inayotembea, na ile iliyobaki ikaendelea kuchunwa: leo altaneta, kesho ekseli, keshokutwa kioo cha mlango. Mafundi walichonga bushi kwa mpira wa tairi, wakatia slivu kwenye bloku zilizochakaa, wakakata gasketi kwa mkasi. Vipuri vingine vilipita Namanga na Holili kwa magendo. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye mali halali aliogopa kuiweka wazi dukani. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba mwaka huo, lakini rafu zilichukua muda kujaa.

Katika hali hiyo swali la kununua gari la zamani lilikuwa na jibu moja, kwa kuwa jipya halikuwepo. Niliona magari ya mkononi yakipanda bei huku yakizeeka, kwa sababu hakuna mengine yaliyokuwa yakija. Mnunuzi mwerevu wa enzi ile hakuhangaika na rangi. Aliuliza kama muuzaji ana injini ya pili imelala uani, na kama itakwenda pamoja na gari. Peugeot 404 yenye bodi iliyooza na sanduku la vipuri ilikuwa mali kuliko yenye bodi safi na sanduku tupu. Somo hilo nililishika, na sijaona sababu ya kuliacha.

Mlango ulifunguliwa na bajeti ya Juni 1984. Serikali iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipataje. Pikapu zikaanza kushuka bandarini. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa rais, na masharti ya biashara yakazidi kulegezwa. Daladala zilikuwa zimekwisha kuhalalishwa mwaka 1983, na sasa zilipata magari ya kuzilisha. Hiace zilizotumika Japani, tulizoziita vipanya, zikaingia njiani zikiwa bado na maandishi ya Kijapani ubavuni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, magari yalikuja mengi kuliko mafundi waliotosha kuyahudumia.

Japani ilikuwa na sababu zake za kuyaachia. Huko gari dogo la binafsi likiwa jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, uitwao shaken, huambatana na kodi na bima, na gharama yake humfanya mwenye gari la miaka minane au kumi aone nafuu kuliuza kuliko kulipitisha tena. Hadi mwaka 1995 gari lililovuka miaka 10 lilitakiwa kukaguliwa kila mwaka. Barabara zao ni laini. Juu ya yote, Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani tayari ulikuwa mahali pake. Gari lililochoshwa na karatasi kwao lilikuwa bado zima kwa kazi kwetu.

Wafanyabiashara wetu wengi hawakufika Japani. Waliishia Dubai, ambako magari ya usukani wa kulia yalipangwa viwanjani yakisubiri wanunuzi kutoka Afrika. Kutoka huko kulikuja na vipuri pia: injini nzima zilizotolewa kwenye magari yaliyovunjwa, giaboksi, milango, taa. Duka la spea likabadilika. Zamani niliandika jina la kipuri kwenye daftari la kuagiza na kuomba Mungu. Sasa mteja aliingia akataja herufi za injini, nikamwonyesha mbili au tatu achague. Injini za 2L na 3L za Hiace na Hilux, 5A ya Corolla na Carina, 1G ya Mark II, 3S ya RAV4 za mwanzo: hayo ndiyo majina yaliyolisha Gerezani. Fundi asiyejua kusoma kitabu cha kiwanda aliweza kuifunga 5A usiku wakati umeme umekatika. Toyota ilitawala kwa ajili hiyo. Sifa yake nchini ilijengwa na wingi, na wingi ulizaa vipuri na mafundi.

Mamlaka ya Mapato ilianza kazi Julai 1996, na baadaye zikaja namba za usajili zinazoanza na herufi T. Kutokana na namba hizo soko likazua kipimo chake. Leo dalali hatakwambia gari lina miaka mingapi. Atakwambia ni namba B, namba C, namba D, na sasa E, akimaanisha herufi ya kwanza katika zile tatu za mwisho. Bei hupanda kwa herufi. Mnunuzi ajue herufi hiyo inasema nini: inaonyesha lini gari lilisajiliwa hapa, haionyeshi lini lilitengenezwa. Toyota IST zilianza kutoka kiwandani mwaka 2002, na IST mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa moja namba B na nyingine namba D kwa sababu ya pili ilikaa Japani muda mrefu zaidi. Yenye namba D imepigwa na mashimo yetu kwa miaka michache, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini mpira na plastiki zake zina umri ule ule.

Intaneti ilipokuja, Dubai ikapungua umuhimu. Mtu wa Mbeya au Mwanza aliweza kulipia gari lililoegeshwa Yokohama bila kuvuka Chalinze. Nyuma ya picha anazoziona kwenye simu kuna minada ya Japani, na kila gari linalopita mnadani lina karatasi ya mkaguzi. Karatasi hiyo ndiyo historia ya gari kwa mkato. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. Herufi R au RA humaanisha lilipata ajali au lilirekebishwa sehemu muhimu. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni palipobonyea, W ni palipokandikwa na kupigwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji makini atakupa karatasi hiyo ukiiomba. Anayeikwepa amekwisha kukujibu.

Serikali nazo zikaingia kwenye swali la umri. Kenya iliweka ukomo wa miaka 8 kwa magari yanayoingia. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia yaliyofika miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, iliweka bei mlangoni. Gari la miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa uchakavu, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Chukua gari la injini ya cc 1300 ambalo thamani yake pamoja na bima na usafiri hadi bandarini imekadiriwa shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 juu ya jumla hiyo ni laki 6 na elfu 25. Uchakavu, kama limezidi miaka 10, ni milioni 3.75. VAT ya asilimia 18 juu ya yote ni kama milioni 3. Kodi peke yake inakaribia milioni 10, sawa na gari lenyewe, kabla ya tozo ndogo ndogo. Lingekuwa halijafika miaka 8, kwa thamani ile ile, kodi ingekuwa kama milioni 5.5. Na mamlaka hukadiria thamani kwa orodha yake, kwa hiyo risiti ya bei ya chini haitakuokoa.

Hesabu hiyo imeligawa soko. Mwenye fedha huagiza gari jipya kidogo. Asiyenazo hugeukia gari ambalo mtu mwingine alikwisha kulilipia kodi zamani, yaani la mkononi lililo hapa hapa. Mwaka 2017 lilipata nafuu nyingine: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na nyongeza kwenye bei ya mafuta. Kabla ya hapo deni la ada lilifuata gari, na mnunuzi aliweza kurithi malimbikizo ya miaka ambayo gari lilikuwa limeota nyasi uani. Baada ya hapo magari mengi yaliyosahaulika yalitolewa uani na kuoshwa, na baadhi yake yako sokoni sasa. Ni vizuri ujue yalikaa wapi.

Mpwa wangu, mwalimu wa sekondari Kibaha, alinijia na swali hili. Alikuwa na magari mawili mkononi, bei karibu sawa. La kwanza Mark II GX100, nyeusi, rimu za kung'aa, muziki mkubwa. La pili Corolla 110, rangi imepauka kwenye boneti, kiti cha dereva kimeshonwa.

"Mjomba, moyo wangu uko kwenye Mark II," aliniambia.

"Moyo uache nyumbani. Tuanze na Mark II asubuhi, kabla hawajaiwasha."

Injini ikiwa baridi haina pa kujificha. Tulipoiwasha ilitoa moshi wa buluu, dalili ya oili inayoungua ndani, na ilichukua muda kuacha. Nikafungua kifuniko cha oili: safi, hakuna ute wa rangi ya maziwa unaotokea maji yanapochanganyika na oili kwa gasketi iliyoungua. Nikatazama raba ya pedali ya breki. Mita ilisoma kilometa chache, raba ilikuwa imelika hadi chuma. Nikainua zulia miguuni: kutu na mchanga mwembamba, kama gari lililowahi kuingia maji. Bolti za fenda zilikuwa zimekwaruzwa na spana, na rangi ya fenda ilitofautiana kidogo na ya mlango. Tairi zilikuwa na tarehe tofauti, maana tarakimu nne za ubavuni hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotosha kukataa gari. Kwa pamoja vilisimulia gari lililopita kwa wengi, kila mmoja akiliremba na kulisogeza mbele.

Corolla ilikuwa ya nesi mstaafu. Alikuwa na daftari la shule ameandika kila oili iliyobadilishwa, tarehe, na fundi aliyebadilisha. Kadi ilikuwa kwa jina lake, na namba ya chesisi ilifanana na iliyogongwa kwenye bodi. Ilihitaji shokapu za nyuma na bushi za mbele. Nikamwambia mpwa wangu shokapu hizo nitampatia leo hii kwa majirani zangu watatu, na injini ya 5A, ikifika siku ya kuibadilisha, ataipata bila kuuza kiwanja. Mark II nayo ina spea, 1G ni injini ngumu, lakini inakunywa mafuta ya mshahara wa mwalimu. Alichukua Corolla.

Kuna injini nyingine ambazo huwa nashauri mtu afikirie mara mbili. Toyota za D4, zinazopuliza petroli kwa shinikizo kubwa moja kwa moja ndani ya silinda, ni kazi nzuri ya uhandisi. Shida huja pampu yake na nozeli zake zinapozeeka, maana mafuta machafu huziua na fundi wa mtaani mwenye vifaa vya kuzipima ni adimu. Gari hilo lina miaka ile ile na Corolla, lakini kwa mnunuzi wa Kibaha au Singida ni kuukuu zaidi. Hali ni hiyo pia kwa magari ya Ulaya ya kifahari ambayo bei yake huporomoka mapema. Bei ya kununua imeshuka, ila bei ya kipuri imebaki ile ya gari jipya.

Basi, je, gari la zamani linunuliwe? Ndiyo, kwa mwenye kipato cha kawaida mara nyingi ndilo chaguo la busara, na historia yetu imelithibitisha tangu enzi za Morris Minor. Lakini kabla ya kutoa pesa, nenda kwenye duka la spea ukiwa na namba ya injini, uulize bei ya pampu, ya shokapu na ya giaboksi. Tafuta fundi aliyewahi kuifungua injini ya namna hiyo, umlipe aje aitazame asubuhi ikiwa baridi. Hakikisha kadi, jina na namba ya chesisi vinakubaliana, andikishianeni mkataba, na mbadilishe umiliki mara moja. Na usimalize fedha zote kwenye bei ya gari: tenga walau sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kama fedha hiyo huna, endelea kupanda daladala na kuweka akiba. Magari yataendelea kuja.